Maswali ya Wasomaji: Kiunganishi Kinakaa Wapi?

Mwezi huu barua nyingi zimegusa jambo moja: viunganishi vya Java. Zimenifurahisha, kwa sababu ndiyo kazi ninayoishi nayo. Hapa Lubumbashi, kila ghala na kila ofisi niliyoitwa kusaidia nimekuta mfumo mmoja mzee ambao watu wanaogopa kuuzima, wa mizani, wa hesabu au wa vipuri. Pembeni yake iko programu mpya ya Java inayotakiwa kuongea nao kuanzia kesho asubuhi.

Seva ya Java ina njia rasmi ya kuongea na mifumo ya namna hiyo. Inaitwa adapta ya rasilimali, na ndicho kiunganishi mnachoniuliza. Iliingia na J2EE 1.3, toleo la kanuni za seva za Java, mwaka 2001, na hadi leo imo katika Jakarta EE, mrithi wake, kwa jina la Jakarta Connectors. Adapta inafungwa ndani ya faili moja yenye mwisho wa .rar, inapandishwa kwenye seva, na kuanzia hapo seva ndiyo inayofungua miunganisho, kuitunza, kuigawa kwa programu na kuiingiza katika miamala, yaani kazi zinazokamilika zote pamoja au kufutwa zote pamoja. Shida nyingi mlizoniandikia zinaonekana kama shida za kodi, lakini nilipozisoma kwa makini nikaona ni shida za mahali: kitu gani kimewekwa wapi, na nani anakiona. Nimechagua barua tano na kuzifupisha.

Jambo Mama. Niko kijana wa komini ya Kenya, ninafanya kazi kwa kampuni ya malori yanayobeba shaba mpaka Kasumbalesa. Tuko na mizani ya malori. Kompyuta yake inatoa uzito kwa TCP. Nimeandika kiunganishi, nikaweka klasi zote pamoja na ra.xml, faili ya maelezo yake, katika folda moja, nikaibana kwa WinRAR nipate mizani.rar. GlassFish, seva yetu ya Java, inaikataa: "zip END header not found". Lakini kwa kompyuta yangu faili inafunguka vizuri kabisa. Kosa liko wapi?

Mwanangu, kodi yako bado haijasomwa hata mstari mmoja. Seva imekwama mlangoni.

Faili ya adapta ya Java, ingawa inaishia na .rar, ni JAR ya kawaida, kifurushi cha klasi za Java, na JAR ni zip. WinRAR ukiiambia itengeneze .rar inaandika muundo wake yenyewe, ambao Java haiujui kabisa. Kwako inafunguka kwa sababu aliyeifunga ndiye anayeifungua. Iweke WinRAR kando na utumie zana iliyokuja na JDK, vifaa vya kuandikia Java:

jar cf mizani.rar -C kazi .

Hapo "kazi" ni folda uliyoandaa. Kisha, kabla ya kuigusa seva, angalia kilichomo:

jar tf mizani.rar

Unatakiwa kuona META-INF/ra.xml na, kwenye mzizi wa kifurushi, faili za JAR: tuseme mizani-api.jar na mizani-ra.jar. Hapo ndipo kosa lako la pili, ambalo ungelikuta mara tu baada ya kutatua la kwanza. Unasema uliweka "klasi zote" katika folda. Kanuni za adapta zinataka klasi ziwe ndani ya JAR, na JAR hizo ziwe ndani ya .rar. Usitegemee uvumilivu wa seva yoyote kwa klasi zilizotapakaa. Leo unapandisha kwenye GlassFish, mwakani mkubwa wako anaamua mhamie seva nyingine, na kifurushi kilichokuwa kinapita kinakataliwa. Kama adapta yako inatumia maktaba ya mfumo, ile ya .so au .dll, nayo inaingia humo humo.

Ninakushauri utenganishe hizo JAR mbili tangu mwanzo. Ya api ibebe zile interfesi ambazo programu zinaziita tu, na ya ra ibebe kila kitu kingine. Sababu utaiona katika jibu la barua inayofuata.

Ukitumia Maven, zana ya kujenga programu za Java, kazi ni nyepesi zaidi. Weka packaging kuwa rar, andika ra.xml yako katika src/main/rar/META-INF, na programu-jalizi ya maven-rar-plugin itakusanya JAR na kuziweka mahali pake. Angalia jambo moja tu: API ya Java yenyewe, ile yenye javax.resource au jakarta.resource, lazima iwe na scope ya provided. Seva inayo tayari. Ukiibeba nakala yako unajiletea matatizo ambayo nitayaeleza kwa msomaji wa tatu.

Sasa ra.xml. Tangu toleo la 1.6 la kanuni za adapta, lililokuja na Java EE 6 mwaka 2009, unaweza kuiacha na kutumia anotesheni kama @Connector na @ConnectionDefinition ndani ya kodi. Inaruhusiwa, lakini mimi sipendi. Adapta mara nyingi inasimamiwa na mtu ambaye hakuiandika, saa ambayo aliyeiandika amelala. Mtu huyo akifungua kifurushi anataka kuona kwa macho ni klasi gani, mipangilio gani, miamala ya aina gani. Mwandikie ra.xml.

Sehemu ya muunganisho wa kutoka, yaani wa programu kwenda mfumo wa nje, ina majina matano ya klasi na interfesi, na yanafuata utaratibu huu:

<connection-definition>
  <managedconnectionfactory-class>cd.mizani.ra.MizaniMCF</managedconnectionfactory-class>
  <config-property>
    <config-property-name>Port</config-property-name>
    <config-property-type>java.lang.Integer</config-property-type>
    <config-property-value>4001</config-property-value>
  </config-property>
  <connectionfactory-interface>cd.mizani.MizaniConnectionFactory</connectionfactory-interface>
  <connectionfactory-impl-class>cd.mizani.ra.MizaniConnectionFactoryImpl</connectionfactory-impl-class>
  <connection-interface>cd.mizani.MizaniConnection</connection-interface>
  <connection-impl-class>cd.mizani.ra.MizaniConnectionImpl</connection-impl-class>
</connection-definition>

Usipange upya mistari kwa kupenda kwako. Skima inataka mfuatano huo. Aina ya mpangilio iwe java.lang.Integer, wala si int, na klasi ya MCF (ManagedConnectionFactory, inayotengeneza miunganisho) iwe na setPort inayopokea Integer hiyo hiyo. MCF hiyo pia lazima iwe na equals na hashCode zilizoandikwa vizuri. Vijana wengi wanaziruka kwa sababu kila kitu kinaonekana kufanya kazi bila hizo, lakini kanuni zinazidai na seva ina haki ya kuzitegemea.

Kuna mstari mmoja katika ra.xml ambao ninakuomba usiuandike kwa haraka: transaction-support. Majibu ni matatu, NoTransaction, LocalTransaction na XATransaction. Mizani yako inatoa uzito tu, haijui kurudisha nyuma kitu, kwa hiyo andika NoTransaction. Nimeona watu wanaandika XATransaction kwa sababu inaonekana ya maana zaidi, kisha wanatunga XAResource tupu (kitu kinachouwakilisha mfumo ndani ya muamala) ili seva inyamaze. Seva haina njia ya kujua kwamba umeidanganya. Itasema muamala umefutwa, hifadhidata itarudi nyuma, na ule mfumo mwingine utabaki na kile ulichokiandika. Katika kazi ya shaba, ambapo karatasi ya uzito inafuatana na lori mpaka mpakani, hitilafu ya namna hiyo inamfikia dereva ambaye hana kosa lolote. Ninaomba sana jambo hili lichukuliwe kwa uzito.

Baada ya hapo, kwenye GlassFish, tumia asadmin, zana yake ya amri, kupandisha adapta na kuunda hodhi (pool), yaani akiba ya miunganisho:

asadmin deploy mizani.rar

asadmin create-connector-connection-pool --raname mizani --connectiondefinition cd.mizani.MizaniConnectionFactory --property Port=4001 mizaniPool

asadmin ping-connection-pool mizaniPool

asadmin create-connector-resource --poolname mizaniPool eis/mizani

Hiyo ya tatu, ping, usiiruke. Inajaribu kufungua muunganisho halisi kabla programu yoyote haijahusishwa. Ikishindwa unajua tatizo ni adapta au mtandao, wala hutapoteza asubuhi nzima ukipekua kodi ya programu. Na ukiwa na mpangilio wenye nukta mbili ndani yake, kama anwani ya tcp://, kumbuka kwamba asadmin inatenganisha mipangilio kwa nukta mbili hizo hizo. Lazima uzitangulizie mkwaju wa nyuma, la sivyo anwani itakatika katikati.

Mama, sisi ni wawili kwa ofisi moja ya Kampemba. Tuko na mauzo.ear (kifurushi cha moduli kadhaa) na ghala.war (programu ya wavuti) kwa GlassFish moja, zote zinaongea na mfumo wa stoku. Mwenzangu aliweka stoku.rar ndani ya mauzo.ear, ikafanya kazi, lakini ghala haikuiona. Tukapandisha stoku.rar peke yake pia, tukaweka JAR yake katika WEB-INF/lib ya ghala. Sasa tunapata ClassCastException: StokuConnectionFactoryImpl haiwezi kugeuzwa kuwa StokuConnectionFactory. Lakini inaitekeleza interfesi hiyo! Tumeangalia.

Ninawaamini kwamba mmeangalia. Na Java nayo inasema kweli.

Ndani ya Java, klasi haitambuliwi kwa jina lake tu. Inatambuliwa kwa jina pamoja na kipakizi (class loader) kilichoileta. Interfesi ya StokuConnectionFactory imepakiwa na adapta kutoka stoku.rar, na ikapakiwa tena na programu ya ghala kutoka WEB-INF/lib. Kwa jina ni moja, kwa asili ni mbili, kama watoto wawili wanaoitwa Ilunga kutoka familia mbili tofauti. Kitu mlichopewa na JNDI, orodha ya majina ya seva, kinatekeleza ile ya adapta, na kodi ya ghala inadai ile yake.

Dawa ni kuondoa nakala. Toeni JAR ya stoku katika WEB-INF/lib ya ghala, na katika Maven iwekeni kama provided, itumike wakati wa kukompaili tu. Ondoeni stoku.rar ndani ya mauzo.ear, pamoja na mstari wake wa <connector> katika application.xml kama uliandikwa. Bakizeni stoku.rar moja, iliyopandishwa peke yake.

Nieleze kwa nini, maana hili ndilo swali ninalotaka kila mtu ajiulize kabla ya kufungasha. Adapta iliyo ndani ya EAR ni mali ya EAR hiyo. Moduli za EAR hiyo ndizo zinazoiona. Adapta iliyopandishwa peke yake ni ya seva nzima. Ghala haikuiona stoku kwa sababu haikutakiwa kuiona. Kama programu ni moja tu, na adapta haitakuwa na mteja mwingine, kuiweka ndani ya EAR ni sawa kabisa: vinasafiri pamoja, vinabadilika pamoja, na hakuna anayesahau kimoja. Lakini mara tu mteja wa pili anapoonekana, hata kama bado yuko kwenye mazungumzo, mimi naitoa nje. Kuitoa baadaye ni kazi kubwa zaidi, kwa sababu majina yote yanabadilika. Kwenye GlassFish adapta iliyo ndani inaitwa mauzo#stoku; ikitoka inakuwa stoku tu. Kwenye WildFly, seva nyingine ya Java, katika sehemu ya resource-adapters ya standalone.xml, archive inakuwa mauzo.ear#stoku.rar, na ikitoka inakuwa stoku.rar. Kila hodhi la miunganisho lililotumia jina la zamani linabaki linaning'inia.

Jambo la mwisho kwenu wawili. GlassFish inaweza kupangwa ili iioneshe adapta kwa zile programu zilizotangaza rejea yake tu. Kwa hiyo msitafute kwa new InitialContext() katikati ya kodi na kuishia hapo. Tangazeni kwa @Resource, au kwa resource-ref katika web.xml. Hata pale isipolazimika, anayekuja baada yenu atajua programu inategemea nini bila kusoma kodi yote.

Tumehamia WildFly 27 kwa hospitali yetu. Kiunganishi cha maabara, kilichofanya kazi miaka mingi, kinatoa NoClassDefFoundError: javax/resource/spi/ResourceAdapter. Nikiweka ile JAR ya API ndani ya .rar, itapona?

Hapana, baba, usifanye hivyo. Ujumbe huo utapotea na utapata mwingine mgumu zaidi kuuelewa.

Jakarta EE 9, ya mwaka 2020, ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka javax kwenda jakarta. WildFly 27, ya 2022, iko upande wa jakarta. Inatafuta klasi inayotekeleza jakarta.resource.spi.ResourceAdapter, na yako inatekeleza ile ya javax. Ukibeba API ya zamani klasi yako itapakiwa, lakini seva haitaitambua kuwa adapta.

Kama mna kodi ya asili, badilisheni na kukompaili upya, na ra.xml ipewe nafasi-jina mpya ya Jakarta. Ila msibadilishe kila javax kwa amri moja ya tafuta-na-badilisha! Nyingine ni za Java SE na hazikuhama: javax.security.auth.Subject, ambayo MCF yenu inaipokea katika createManagedConnection, javax.naming, javax.net, na javax.transaction.xa, ambamo XAResource inakaa. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Kama kodi ya asili imepotea, iko zana inayoitwa Eclipse Transformer. Inabadilisha faili iliyokwisha kukompailiwa, kifurushi kizima, na inajua tofauti hizo. Fanyeni kwenye seva ya majaribio kwanza, na majibu halisi ya maabara yalinganishwe moja moja kabla mgonjwa yeyote hajapewa karatasi iliyopita njia mpya.

Jambo Mama, ninakuandikia toka Ruashi. Umeme ukikatika, seva yetu inabaki kwa betri na haizimiki, lakini kompyuta ya mfumo wa zamani iko jengo lingine na inazimika. Umeme ukirudi, ile kompyuta inawaka vizuri, lakini programu yetu inaganda. Hakuna kosa lolote katika logi. Tunaizima seva na kuiwasha tena, basi. Wakubwa wamechoka. Na mimi nimechoka.

Aksanti kwa kueleza vizuri hivi, mdogo wangu. Uliposema "hakuna kosa lolote katika logi" umenionyesha karibu kila kitu.

Kompyuta inapozimwa kwa utaratibu, TCP inaaga: upande wa pili unapata habari kwamba muunganisho umefungwa. Umeme unapokatika ghafla hakuna anayeaga. Seva yako inabaki na miunganisho ambayo kwake ni mizima. Ikisubiri jibu juu ya muunganisho wa namna hiyo bila kuwekewa kikomo, itasubiri daima, kwa sababu katika Java soketi isiyowekewa setSoTimeout haina kikomo cha kusoma. Utasema, lakini tumewasha keepalive, ile inayoulizia kama upande wa pili bado uko hai. Kwenye Linux, kwa kawaida yake, keepalive inaanza kuulizia baada ya sekunde 7200, yaani saa mbili. Kwa mji ambao umeme unaweza kwenda na kurudi ndani ya muda huo, haitoshi.

Kazi ya kwanza basi iko ndani ya adapta. Weka setSoTimeout kwenye kila soketi, na kikomo chake kiwe mpangilio katika ra.xml ili msimamizi aweze kukibadilisha bila kukompaili. Kikomo kikifika, SocketTimeoutException isimezwe. ManagedConnection yako inatakiwa kuwaambia wasikilizaji wake kwa connectionErrorOccurred. Huo ndio ujumbe unaoifanya seva itoe muunganisho huo katika hodhi na kuuvunja. Nimefungua adapta nyingi za watu na kukuta wanatuma connectionClosed hata pale soketi imekufa. Kwa seva, connectionClosed ina maana "nimemaliza, mpe mwingine". Kwa hiyo seva inautunza muunganisho mfu na kumpa mteja anayefuata, na anayefuata, na anayefuata. Kagua sehemu hiyo ya kodi yako leo, kabla ya kitu kingine chochote.

Kazi ya pili ni kuifundisha adapta kupima. Ifanye MCF yako itekeleze ValidatingManagedConnectionFactory. Ina metodi moja, getInvalidConnections: seva inakupa miunganisho, wewe unarudisha iliyokufa. Ndani yake tuma swali dogo kabisa ambalo mfumo wa zamani unalijibu bila gharama, kwa kikomo kifupi. Kisha iambie seva itumie kipimo hicho. Kwenye GlassFish ni --isconnectvalidatereq=true katika hodhi. Kwenye WildFly iko katika sehemu ya validation ya connection-definition, ama kila muunganisho unapotolewa, ama kwa nyuma kila baada ya muda. Kwa hali yako mimi ningechagua kupima kila unapotolewa. Kuna gharama ndogo kwa kila ombi, lakini umeme wa Ruashi hausubiri ratiba ya upimaji wa nyuma.

Na wakati hayo yote hayajakamilika, usizime tena seva nzima. Kwenye GlassFish 3 na kuendelea iko amri ya asadmin flush-connection-pool, ikifuatiwa na jina la hodhi. Inasafisha hodhi hilo moja, na programu nyingine zinaendelea na kazi zao. Mwachie mtu wa zamu ya usiku amri hiyo imeandikwa kwenye karatasi.

Uliza pia ukubwa wa hodhi lako. GlassFish inaruhusu miunganisho 32 kama hukusema kitu, na mteja anayekosa nafasi anasubiri milisekunde 60000. Dakika nzima ya kungoja, kisha kosa. Mtu aliyeko mbele ya skrini anaona kitu kimoja tu, kwamba programu imeganda. Punguza muda huo uwe kitu ambacho binadamu anaweza kuvumilia, na kosa litatokea mapema likiwa na jina lake katika logi.

Mimi ni mwanafunzi, Katuba. Kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo ninaandika adapta inayopokea ujumbe: inafungua ServerSocket na kusikiliza. Nikiipandisha mara ya kwanza ni sawa. Nikiiteremsha na kuipandisha tena ninapata "Address already in use". Profesa anasema nianzishe seva upya kila mara. Ni lazima?

Si lazima, mwanangu, na kwa heshima yote kwa profesa wako, jibu liko ndani ya adapta.

Nadhani umeandika new Thread ndani ya start(). Thredi hiyo seva haiijui, kwa hiyo ikiiteremsha adapta thredi inabaki hai, imekaa kwenye accept(), na imeshika mlango (port). Katika start() unapewa BootstrapContext; chukua humo WorkManager, na kazi yako ya kusikiliza iandike kama Work, uikabidhi kwa startWork au scheduleWork. Usitumie doWork hapo, maana inangoja kazi iishe, na yako haiishi, kwa hiyo adapta haitamaliza kupanda.

Kisha stop(). Humo funga ServerSocket yenyewe kwa close(). Kuinua bendera ya "acha" peke yake hakutoshi, kwa kuwa thredi iliyokaa kwenye accept() haiangalii bendera yako. Soketi ikifungwa accept() inatoa SocketException, kitanzi kinavunjika, na Work inamalizika. Metodi ya release() ya Work nayo iite ufungaji huo huo, ili njia zote mbili ziishie pamoja. Soketi za wateja waliokwisha kuingia zifunge pia, usiziache.

Ukiwa na mahodhi au rasilimali zilizoshikamana na adapta hiyo, GlassFish itakataa kuiteremsha mpaka uongeze --cascade=true. Jihadhari: inazifuta kabisa, kwa hiyo amri zako za kuziunda upya ziweke katika skripti. Baada ya kuteremsha, tazama kwa ss -ltn kama mlango wako bado umo katika orodha. Ukiwa haumo, pandisha tena, na umwonyeshe profesa skrini zote mbili.